Akiba ya Darasani: Kwa Nini Mwanafunzi Asome Hata Masomo Anayoyaona Hayamhusu

Na Mwandishi Wetu

Kila msimu wa mvua unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kwa mikoa mbalimbali. Taarifa hiyo husomwa redioni, huchapishwa magazetini na kusambazwa kwenye simu za wananchi. Ndani yake yamo maneno kama “mvua za juu ya wastani” au “chini ya wastani”, na kutokana na maneno hayo mkulima huamua apande mbegu gani, mfugaji huamua ahamishie wapi mifugo yake, na halmashauri huamua mitaro ipi izibuliwe kwanza.

Ili taarifa hiyo ieleweke, msikilizaji anahitaji kujua wastani ni nini, jambo linalofundishwa katika Hisabati. Anahitaji kujua kwa nini mkoa mmoja hupata misimu miwili ya mvua na mwingine msimu mmoja, jambo linalofundishwa katika Jiografia. Anahitaji pia kuisoma lugha ya taarifa na kutofautisha tahadhari na uhakika, nayo ni kazi ya somo la Kiswahili. Taarifa moja yenye aya chache inahitaji masomo matatu, na huenda msikilizaji aliyaona yote matatu hayamhusu alipokuwa shuleni.

Swali la “hili litanisaidia nini?” huulizwa karibu katika kila darasa. Anayetaka kuwa mwanamuziki huuliza kwa nini asome Kemia. Anayependa kompyuta huuliza kwa nini asome Historia. Anayejiandaa kurithi duka la wazazi wake huona Fizikia ni mzigo. Swali hilo si utovu wa nidhamu, na mwalimu au mzazi hapaswi kulijibu kwa ukali. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alihoji elimu iliyomtenga kijana na jamii yake na kumwandaa kwa maisha ambayo wengi wasingeyaishi. Kuuliza elimu ina manufaa gani kumekuwa sehemu ya fikra za elimu nchini tangu wakati huo.

Hata hivyo, kuuliza ni jambo moja, na kuliacha somo kabla ya kupata jibu ni jambo jingine. Zipo sababu tatu za msingi zinazomtaka mwanafunzi asiharakishe.

Sababu ya kwanza ni milango ya baadaye. Kwa utaratibu uliozoeleka katika shule za sekondari, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu hupata nafasi ya kuendelea na baadhi ya masomo na kuacha mengine. Wakati huo wengi wao wana umri wa miaka 15 au 16. Uamuzi wao hutokana na alama za mtihani mmoja, hofu ya somo, au ushawishi wa marafiki wanaokwenda mchepuo fulani. Athari za uamuzi huo huonekana miaka miwili au mitatu baadaye, fomu za kujiunga na vyuo zinapofunguliwa.

Mfano ulio wazi ni fani za afya. Kijana anayetaka kusomea utabibu ngazi ya stashahada hutakiwa kuwa na ufaulu wa kidato cha nne katika Baiolojia, Kemia na Fizikia. Msichana aliyeipenda kazi ya kuhudumia wagonjwa tangu utotoni, lakini akaiacha Fizikia kwa kuwa hakuona inahusianaje na wodi, hugundua kuwa mlango umefungwa akiwa tayari amekwisha kumaliza shule. Kurudi nyuma kunawezekana kwa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini kunagharimu muda na fedha ambazo familia nyingi hazina. Fizikia haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Shinikizo la damu, mionzi ya eksirei, mtungi wa oksijeni na dripu inayoning’inia juu ya kitanda vyote hufanya kazi kwa kanuni zake.

Katika mageuzi ya elimu yanayoendelea, nafasi za kuchagua zimeongezeka. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, na hivyo kumpa mhitimu wa kidato cha nne uwanja mpana zaidi wa kuchagua. Uwanja huo, hata hivyo, ni mpana kwa yule tu aliyefika na ufaulu wa masomo mengi. Aliyebaki na masomo machache hukuta orodha ni ndefu lakini yeye hana pa kuingilia.

Sababu ya pili ni maisha ya kila siku ya raia, ambayo hayagawanyiki kwa vipindi kama ratiba ya shule. Hisabati ni mfano mzuri, kwa kuwa ndiyo somo lenye ufaulu wa chini kwa miaka mingi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takribani robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu. Wengi wa waliokata tamaa na somo hilo huamini kuwa wameachana nalo daima. Ukweli ni kwamba wanakutana nalo tena kwenye mikopo.

Tuseme mjasiriamali amekopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kwa miezi sita. Ikiwa riba inatozwa kwenye kiasi cha awali pekee, mwisho wa miezi hiyo atadaiwa shilingi 1,100,000. Ikiwa kila mwezi riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni na kutozwa riba tena, atadaiwa shilingi 1,492,992, yaani karibu mara tatu ya alichokopa. Tofauti ya masharti hayo mawili ni karibu shilingi 393,000, na inaweza kufichwa katika sentensi moja ya mkataba. Mikopo inayoitwa mitaani “kausha damu” hustawi pale ambapo mkopaji hawezi kuikokotoa sentensi hiyo kabla ya kutia saini. Riba rahisi na riba changamani ni mada za darasani, na hufundishwa kwa vijana walewale wanaoziona hazina kazi.

Kemia nayo ipo shambani. Mfuko wa urea wa kilo 50 ulioandikwa asilimia 46 una kilo 23 za naitrojeni. Mkulima anayeielewa namba hiyo anaweza kulinganisha bei za mbolea kwa kirutubisho kilichomo badala ya rangi ya mfuko, na anaelewa kwa nini udongo wenye tindikali nyingi huhitaji chokaa kabla ya mbolea kuleta tija. Fundi mwashi anayeweka msingi hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili. Kamba ya mshazari ikisoma futi 5, anajua kona imekaa skwea. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, iwe fundi analijua jina hilo au halijui. Fundi anayelijua ana ziada moja: anaweza kuitumia kanuni kwa vipimo vyovyote, hata pale ambapo tatu, nne na tano havimfai.

Historia huonekana kuwa somo la kukariri miaka na majina. Kiini chake ni kupima ushahidi: nani aliandika, lini, kwa faida ya nani, na je, kuna chanzo kingine kinachothibitisha? Raia mwenye mazoea hayo anapopokea kwenye simu tangazo la ajira lenye nembo ya taasisi ya umma na maelekezo ya kutuma “ada ya fomu” kwa namba binafsi, hujiuliza maswali yaleyale kabla ya kutuma hata shilingi moja. Asiye nayo huamini nembo.

Wakati mwingine somo moja huokoa maisha. Tarehe 26 Desemba 2004, Tilly Smith, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10, alikuwa na wazazi wake kwenye ufukwe wa Mai Khao huko Phuket, nchini Thailand. Aliona maji ya bahari yakitoa povu na kuenenda kwa namna isiyo ya kawaida, akakumbuka somo la Jiografia alilofundishwa wiki mbili tu nyuma kuhusu tsunami. Aliwaonya wazazi wake, watu wakaondolewa ufukweni, na eneo hilo likaepuka vifo. Mawimbi ya siku hiyo yaliua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Bahari ya Hindi na kufika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Siku aliyokaa darasani, Tilly hakuwa na namna ya kujua kwamba somo lile lingemhusu.

Sababu ya tatu ni kwamba mwanafunzi bado hajijui kikamilifu, wala haujui ulimwengu atakaoufanyia kazi. Ushahidi wa hilo upo hapa nchini. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto, alikuwa akitengeneza barafu za maziwa pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yakiwa bado ya moto, na akashangaa kukuta yake yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza.

Hakuaminiwa. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa mkoani Iringa, alimuuliza swali hilo Dkt. Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule hiyo, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne aliporudi chuoni alifanya jaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la kitaaluma la Fizikia. Jambo hilo linajulikana duniani hadi leo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu chanzo chake na mazingira ambamo hutokea.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, mkoani Kilimanjaro, na kufanya kazi katika sekta ya wanyamapori. Kama angesema kuwa kanuni za kupoa kwa vimiminika hazimhusu mtu anayekwenda kulinda tembo, asingepata somo lililomfundisha kuwa alichokiona kwenye jokofu kilikuwa cha ajabu. Kuona jambo lisilo la kawaida kunahitaji kwanza kulijua lililo la kawaida.

Hoja hizi haziondoi wajibu wa upande wa pili. Si kila mada itatumika, na maarifa hayahami yenyewe kutoka daftarini kwenda maishani. Mwanafunzi aliyekariri fomula ya riba bila kuuona mkataba hata mmoja anaweza kutia saini kwa upofu uleule. Ndiyo sababu mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024 unasisitiza umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya, na ndiyo sababu wanafunzi wa mkondo wa amali hawajifunzi ufundi peke yake. Pamoja na fani zao, husoma pia masomo ya jumla yakiwemo Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara, na Historia ya Tanzania na Maadili. Fundi umeme hodari asiyeweza kuandika makadirio ya gharama hubaki kuwa kibarua wa anayeweza.

Mwalimu, kwa hiyo, ana deni la kujibu swali la “litanisaidia nini” kwa mfano wa mahali mwanafunzi anapoishi: ankara ya umeme, kadi ya kliniki, mkataba wa pango. Mzazi naye ana deni la kutorithisha hofu. Kauli kama “hata mimi Hesabu zilinishinda” humpa mtoto ruhusa ya kushindwa kabla hajajaribu.

Kwa mwanafunzi aliye kidato cha pili anayekaribia kuchagua masomo, hatua za kuchukua ni chache na hazina gharama kubwa. Kwanza, aandike kazi tatu tofauti ambazo angependa kuzifanya, si moja. Pili, asome miongozo ya udahili inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), aone kila kazi inadai masomo gani. Tatu, akutane na mwalimu wa ushauri na unasihi pamoja na mzazi au mlezi wake kabla ya kuamua, si baada ya kuamua. Somo linalohitajika katika kazi hata moja kati ya zile tatu lisiachwe kwa sababu ya alama za muhula mmoja.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kijana wa miaka 15 bado ana safari ndefu, na hajui atamhitaji nani njiani. Somo analolidharau leo huenda asilihitaji kamwe. Huenda pia likawa ndilo litakalompatia nafasi ya chuo, kumwepusha na deni, au kumfanya aone kile ambacho wenzake wote wamekipita.