Kwa nini dhahabu ya Kakamega huzua hofu ya ardhi

WAKAZI wa Ikolomani na Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, wanapojadili dhahabu, aghalabu mjadala huishia kwenye ardhi. Ili kufahamu sababu, ni sharti turejee miaka ya 1930.

Mwaka wa 1930, serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ingekuwa yao milele. Iwapo kipande kingetwaliwa, wangefidiwa kwa ardhi nyingine yenye ukubwa sawa.

Hata hivyo, dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, wakati ambapo bei ya mazao ya walowezi ilikuwa imeporomoka. Mamia ya Wazungu walimiminika huko. Mnamo Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi ya madini ilipiwe kwa fedha tu, tena bila kulazimu mashauriano na baraza la wenyeji.

Maelfu ya wanaume waliajiriwa vibarua. Mgodi uliovuma zaidi, Rosterman, ulifungwa mwaka wa 1952, lakini jina lake lingali la mtaa mmoja mjini Kakamega.

Kampuni zilipoondoka, wenyeji waliendelea kuchimba kwa mikono. Wanaume huteremka katika mashimo membamba ambayo kuta zake huzuiwa kwa magogo. Mvua kubwa ikinyesha, huweza kuporomoka na kuwafukia. Wanawake nao huponda mawe na kuosha mchanga kwenye karai. Mapato hayo ndiyo karo ya watoto na chakula cha jioni.

Aidha, ipo hatari isiyoonekana. Zebaki hutiwa ili inase chembe za dhahabu, kisha donge huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hudhuru neva na figo, na zebaki huweza kumwathiri mtoto aliye tumboni.

Kisheria, Katiba ya 2010 inasema madini ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba la mtu binafsi. Sheria ya Madini ya 2016 inatambua wachimbaji wadogo na kugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika.

Lakini mrabaha haujibu swali la makao. Tangu kampuni ya Shanta Gold iliponunua mradi wa utafutaji dhahabu wa eneo hili mwaka wa 2020, suala la familia kuhamishwa limerejea, hasa Isulu na Bushiangala.

Kwa desturi ya Waluhya, mtu huzikwa nyumbani kwake, nao wana hurithi shamba lenye makaburi hayo. Anayekadiria fidia kwa ekari na mimea pekee huwa ameacha nje kile ambacho familia hukitaja kwanza. Ndiyo maana wazee wa leo hudai kushauriwa kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, haki ambayo babu zao walinyimwa mwaka wa 1932.