Kuhesabiwa Migombani: Wachagga na Kipimo cha Mafanikio

Ikifika katikati ya Desemba, kituo cha mabasi cha Mbezi jijini Dar es Salaam hufurika wasafiri wa kaskazini. Tiketi hugombaniwa, nauli huwa gumzo, na watani hawakosi la kusema: "Wachagga wanakwenda kuhesabiwa." Ni safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, na kutoka hapo mtu apande tena gari la Machame, Kibosho, Marangu, Mwika au Rombo. Watani wanacheka, lakini hawajakosea sana. Mchagga akifika nyumbani huhesabiwa kweli, ila hesabu yenyewe si ya vichwa. Watu hutazama amefanya nini mwaka mzima, amemkumbuka nani, amegombana na nani na kama wamepatana.

Mafanikio ya Wachagga katika biashara na elimu huelezwa mara nyingi kana kwamba yamo kwenye damu: wamezaliwa wanapenda pesa, basi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Bidii yao ina historia, na historia hiyo imeandikwa kwenye udongo wa miteremko ya Kilimanjaro, mahali penye rutuba na mvua lakini penye ardhi finyu na watu wengi. Anayeishi mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba uzembe wake humuumiza na jirani.

Shule ya kwanza ni kihamba, yaani shamba la ukoo ambalo nyumba imo ndani yake. Vihamba vingi leo havifiki hekta moja, lakini hakuna pembe inayolala bure. Juu kabisa kuna miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Ng'ombe hafungwi malishoni, yuko zizini. Hukatiwa majani, hupewa magome na majani ya mgomba, na samadi yake hurudishwa kwenye mashina ya migomba ileile. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuorodhesha mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu, miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani duniani. Wenyeji hawakusubiri orodha hiyo. Mtoto aliyekua akibeba samadi kabla ya kwenda shule anajua kwamba kinachokulisha lazima nawe ukilishe. Ndiyo maana mtu aliyechuma mjini akaacha migomba ya baba yake imezongwa na majani hasifiwi kijijini hata akija na gari jipya.

Shule ya pili ni maji. Muda mrefu kabla ya bomba, Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito kutoka juu mlimani na kuyapitisha kandokando ya miteremko hadi vihambani. Wasafiri wa Ulaya waliofika karne ya 19 waliandika juu yake kwa mshangao. Mfongo ulikuwa na wenyewe, kwa kawaida ukoo uliouchimba, na ulikuwa na uongozi wake. Kila kaya ilipewa zamu. Ikifika zamu yako, unaziba njia ya maji kwa magome ya migomba, mawe na tope, unayaelekeza kwako, kisha muda ukiisha unafungua yaende kwa mwenzako. Ukilala, zamu imepita. Ukiiba maji usiku, habari itafika kwenye kikao kabla ya jua kupanda. Siku ya kuzibua mfongo watu walitoka na majembe, na asiyetokea alitozwa faini, ambayo zamani ilikuwa pombe au mbuzi, au alinyimwa maji mpaka alipe. Hapo ndipo mtu alipojifunza kutunza muda, kutimiza ahadi na kushiriki kazi ya wote, na hakuhitaji kuhubiriwa, kwa sababu migomba yake ingekauka.

Ufinyu wa ardhi nao ulizaa kanuni yake. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa kihamba, na wa mwisho alibaki na nyumba ya wazazi ili awatunze uzeeni. Wa katikati walitakiwa kujitafutia. Zamani walipanda juu au kuteremka kufungua mashamba mapya. Ardhi ilipokwisha, wakashuka mjini. Ukitaka kujua kwa nini utakuta Mchagga ana duka Mbeya, Mwanza au Mtwara, anza na hao ndugu wa katikati. Walitoka nyumbani wakijua hakuna shamba linalowasubiri. Kuondoka hakukuwa uasi wala tamaa, kulikuwa njia pekee ya kupata heshima ya kujenga mji wao.

Wakiwa huko mjini, wengi walianza na duka dogo la mtaani. Dar es Salaam mwenye duka hilo huitwa Mangi hata kama jina lake ni Joseph, na mtoto hutumwa "kwa Mangi" bila maelezo zaidi. Mangi ni cheo cha chifu wa Kichagga. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, cheo kikabaki nyuma ya kaunta. Humo sukari huuzwa hata robo, mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe, na duka hufunguliwa alfajiri na kufungwa mtaa ukiwa umelala. Pembeni lipo daftari la madeni, lenye majina kama Mama Asha na Fundi Baiskeli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Mangi hajawahi kulidharau neno hilo. Kijana anayesaidia dukani mara nyingi ni mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka nyumbani. Hupewa chakula na mahali pa kulala, hujifunza bei na tabia za wateja, na baada ya miaka kadhaa mjomba au baba mdogo humpa mtaji afungue lake. Ukiuliza alisomea wapi biashara, atakuonyesha kaunta.

Habari hii ingekuwa pungufu bila akina mama. Kahawa ilihesabiwa kuwa zao la baba, ndizi zikawa za mama. Ndizi ndizo zilizofika sokoni kila juma, mkungu kichwani, kutoka migombani hadi magulio ya Mwika, Marangu, Himo na kwingineko. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu na ilionekana na kila mtu. Fedha ya ndizi ilikuja kidogokidogo na haikupigiwa kelele, ikawa chumvi, sabuni, daftari na sare. Nyumba nyingi zilizosifiwa kwa kusomesha zilisimama kwenye mikungu hiyo.

Kahawa nayo ilifundisha umoja. Mwaka 1925 wakulima wadogo waliunda chama chao ili watetee haki yao ya kulima na kuuza kahawa, wakati walowezi hawakufurahia ushindani huo. Mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichouza kahawa kwa pamoja. Wazo lenyewe halikuwa geni kwa watu waliokwishazoea mfongo: mmoja peke yake hawezi kuleta maji wala kupata bei. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vijiji vya mlimani vilipoteza zaidi ya mnunuzi, kwani mapato ya kahawa ndiyo yaliyokuwa yamesaidia kusimamisha madarasa mengi.

Adabu ya Kichagga huonekana vizuri zaidi mtu akiwa na kata ya mbege mkononi. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha kuchanganywa na uji wa ulezi uliotiwa magome ya mti wa msesewe yenye uchungu. Ikiwa tayari, anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Maana yake iko wazi: nisichokunywa mimi sikupi wewe. Baada ya hapo kata huzunguka, wakubwa kwanza. Nyama nayo hugawanywa kwa kufuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo. Mwenye mbuzi hawezi kuamua kula peke yake kwa sababu tu fedha ilikuwa yake. Hata ng'ombe alikuwa akitunzwa kwa mtu mwingine: tajiri alimkabidhi jirani asiye na mfugo, jirani akapata maziwa na samadi, na ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Mkataba haukuandikwa popote. Asiyeaminika hakukabidhiwa ng'ombe wa pili.

Watu waliobanana hivyo hawakosi kugombana, na kwa hilo upo mmea wa isale. Ndio unaopandwa mpakani kati ya kihamba na kihamba, na ndio unaotumika kuomba msamaha. Mkosaji, au mzee aliyetumwa naye, huenda na jani la isale kwa aliyekosewa, na kwa desturi anayeletewa jani hilo hapaswi kulikataa. Faida yake ni ya vitendo: ugomvi wa mpaka ukirithiwa na watoto, zamu ya maji itaharibika na marehemu hatazikwa vizuri.

Desturi hizi zina deni pia. Mgawo wa urithi ulimweka binti nje: alitazamiwa kuolewa na kulima kihamba cha wengine. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini mikutano mingi ya ukoo bado huanza kwa kuwahesabu wavulana. Mashindano ya Desemba nayo yana wahanga wake. Wapo wanaokopa ili waonekane wamepata, na wapo wanaoacha kabisa kwenda nyumbani kwa aibu ya mikono mitupu, na wazazi wao hawaelezwi sababu. Jamii inayompima mtu kwa anacholeta ijihadhari isije ikamfukuza asiye nacho. Na ardhi inazidi kukatwa vipande: kihamba kilichomtosha babu hakiwezi kuwatosha wajukuu wanane, na kahawa si ile iliyolipa ada zamani.

Kwa hiyo hesabu ya Desemba inabidi ibadilike, na katika koo kadhaa imeanza. Baada ya ibada ya Krismasi na nyama, wanaukoo hukaa migombani kikao cha kweli, chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Husomwa nani amechangia mfuko wa elimu, mtoto gani amefaulu na hana ada, bibi yupi anahitaji dawa. Siku hizi mweka hazina anaweza kuwa binti, mhasibu wa mjini, na wajomba hujibu maswali yake bila kununa. Kijana asiye na kihamba akikaa katika kikao hicho haombwi aonyeshe gari wala ghorofa. Huulizwa zamu yake ya kusaidia ni lini na atamsomesha nani. Hayo mtu anaweza kuyajibu hata kama amezaliwa Tandika, Dar es Salaam, na hajui kukata mkungu, na ni hapo, kwa maoni yangu, ndipo mila ya Wachagga inapowafaa hata wasio Wachagga: ukiwa peke yako umepata tu, ila ukimvusha na mwingine ndipo unapohesabika umefanikiwa.