Manjano ya kichanga si homa ya manjano

Wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Busia au Mutukula wanaifahamu kadi ya njano, uthibitisho wa chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo haihusiani na manjano ya mtoto mchanga, ingawa majina yanafanana. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Manjano ya kichanga hayana chanjo.

Chanzo chake ni bilirubini, rangi ya njano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ini la kichanga bado halijakomaa, hivyo huiondoa polepole. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na njiti 8 kati ya 10, hupata manjano wiki ya kwanza. Wengi hupona wenyewe. Kwa wachache, bilirubini hupanda hadi kuingia kwenye ubongo na kusababisha uziwi, mtindio wa ubongo au kifo.

Kwa mama mchuuzi, tatizo ni siku. Manjano hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati ameshatoka hospitali na pengine anawaza mzigo uliokwama mpakani. Safari isubiri mpaka mtoto aangaliwe tena na muuguzi.

Kwenye ngozi nyeusi, njano itazamwe mchana katika weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, upande wowote wa mpaka ulio karibu, ikiwa manjano yametokea ndani ya saa 24 za kwanza, yamefika viganjani au nyayoni, au mtoto hanyonyi, analegea au ana degedege. Manjano yanayozidi siku 14, au choo cheupe, navyo vichunguzwe.

Tiba ni taa maalumu za mwanga wa buluu, zinazobadili bilirubini iweze kutoka mwilini. Hali ikiwa mbaya, damu ya mtoto hubadilishwa. Kumwota jua au kumpa maji ya glukosi hakuchukui nafasi ya taa. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku.

Wauza mitumba na vitenge wana tahadhari yao: vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza wadudu. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo ya malaria, harufu yake huweza kuvunja damu na kuleta manjano makali. Nguo hizo zisimfunike mtoto, wala asilazwe karibu na marobota yake.