Kahawa Nzuri Nyumbani, na Usingizi wa Mvuvi



Katika mikutano yetu ya Nchelenge na Kashikishi tumezoea kuzungumza juu ya bei ya samaki, nyavu na usalama wa mitumbwi. Safari hii tunazungumza juu ya kahawa, na asicheke mtu. Mwenzetu mmoja anayevua chisense usiku kwa taa alikuwa akinywa vikombe viwili vya kahawa nzito kila alfajiri anapofika nchi kavu, ili auze samaki wake akiwa macho. Akienda kulala, usingizi haji nao. Siku ya tatu alisinzia ziwani akatumbukia majini, na wenzake ndio waliomwokoa. Tulipokaa naye tukaona kwamba kosa si la kahawa, bali ni la saa ya kuinywa. Tena kahawa yenyewe ilikuwa mbaya, imechemshwa mpaka ikawa kama dawa. Kwa hiyo tumeona inafaa tuyaeleze mambo yote mawili.

Kwanza, buni. Kahawa inayolimwa upande wetu wa Zambia ni ile ya Kasama, kama katika shamba la Kateshi, nayo ni arabika. Yafaa ifahamike kwamba arabika ina kafeini karibu nusu tu ya ile iliyomo katika robusta, ambayo hulimwa kwa wingi Uganda na katika sehemu za Kongo. Kafeini ndiyo inayofukuza usingizi. Basi mtu akichagua arabika amekwisha kupunguza nusu ya mzigo kabla hajawasha jiko.

Ukipata buni mbichi, kaanga mwenyewe katika kikaango kikavu juu ya mbaula yenye moto wa wastani, huku unakoroga bila kuacha. Baada ya dakika kama kumi utasikia buni zinapasuka kidogo kidogo. Zikiwa na rangi ya udongo mwekundu uliokolea, ziepue na uzipepete zipoe upesi. Zikiwa nyeusi na kutoa mafuta mengi, umekwisha kuunguza, na utakunywa makaa. Ziache zipumzike siku moja, kisha twanga kwa kinu kiasi cha matumizi ya siku mbili tatu tu, chembe zake ziwe kama za sukari.

Pili, kuhifadhi. Hapa kwetu jambo hili ni kubwa kuliko mahali pengi, maana kahawa hunyonya harufu. Ukiiweka karibu na samaki wakavu au mafuta ya taa, utakunywa samaki na mafuta ya taa. Tia katika kopo lenye mfuniko wa kubana, na kopo hilo liwe na kazi hiyo moja tu.

Tatu, maji. Maji ya ziwa yachemshwe vizuri, kwani kipindupindu hakina mzaha. Kama yametiwa klorini, yaache yachemke dakika chache bila mfuniko ili harufu itoke. Ziwa letu la Mweru liko kiasi cha mita 920 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huku huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Kahawa hutoka vizuri kati ya nyuzi 90 na 96. Basi epua birika, ngoja nusu dakika, kisha endelea.

Nne, kipimo. Kwa lita moja ya maji tia gramu 60 za kahawa, yaani vijiko vikubwa kumi hadi kumi na viwili vilivyosawazishwa. Mimina maji juu ya kahawa, koroga, funika, hesabu dakika nne. Usirudishe jikoni ichemke tena, kwa maana hapo ndipo uchungu mbaya unapotoka. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Kitambaa hicho kioshwe kwa maji matupu bila sabuni, na kisiwe kile cha kufutia samaki. Wenzetu wa pwani huongeza tangawizi na kunywa katika vikombe vidogo pamoja na tende au kashata. Kikombe kidogo ni busara pia, kwani ladha unaipata na kafeini inakuwa chache.

Sasa tuje kwenye usingizi. Kikombe kikubwa kina kafeini kiasi cha miligramu 80 hadi 100. Baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo mwilini. Mvuvi wa usiku anayelala asubuhi na anywe kahawa yake mwanzo wa usiku, kabla ya saa sita, na alfajiri aiache. Mfanyakazi wa mchana aiache baada ya chakula cha mchana. Mama mjamzito hukaa na kafeini muda mrefu zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze.

Je, anayetaka kahawa wakati wa kwenda kulala afanye nini? Iko kahawa iliyotolewa kafeini. Mwaka 1906, Ludwig Roselius wa mji wa Bremen, Ujerumani, alianzisha kampuni ya kuiuza. Yeye alitumia benzini, dawa ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni sumu, na njia hiyo ikaachwa. Siku hizi viwanda vingine hutumia maji, vingine gesi ya kaboni iliyoshindiliwa, na vingine dawa nyingine za kuyeyusha. Kazi hiyo hufanywa buni zikiwa bado mbichi, kwa hiyo haiwezekani jikoni kwetu. Anayekuambia umwage maji ya kwanza ili kafeini iondoke anakudanganya: utamwaga na ladha.

Kahawa hiyo mwagize dereva anayekwenda Lusaka au Ndola. Bei yake si ndogo, basi ichanganye nusu kwa nusu na ya kawaida. Usiyeimudu, kaanga mahindi au soya mpaka yawe ya kahawia, twanga, pika vilevile. Si kahawa, lakini ni kinywaji cha moto kisicho na kafeini. Tahadhari na makopo yenye chikori: mengi yamechanganywa na kahawa. Soma maandishi ya kopo kabla hujalipa.

Aliyezoea vikombe vingi asikate ghafla, kichwa kitamuuma. Apunguze kidogo kidogo. Wakati mzuri ni ule ziwa linapofungwa, tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari.

La mwisho, ndugu. Kahawa haijawahi kuwa badala ya mapumziko. Mwajiri anayempa mlinzi au dereva kikombe cha kahawa ili apige zamu ya pili hajamfanyia wema, amemkopesha usingizi ambao atakuja kuulipa barabarani. Kikombe kinyweke nyumbani, kwa raha, pamoja na jamaa. Na zamu iwe na mwisho wake. Hilo tulidai pamoja.

Umoja ni nguvu.