Lazaro na Sanda Zake

Katika Injili ya ufufuko wa Lazaro limo jambo ambalo huenda hatulitafakari vya kutosha. Bwana alipomwita rafiki yake, huyo alitoka kaburini akiwa hai, lakini mikono na miguu yake ilikuwa ingali imefungwa sanda. Ndipo Bwana alipowaagiza waliosimama pale wamfungue. Uhai ulitoka kwa Mungu. Kazi ya kufungua sanda waliachiwa majirani.

Tuutazame ulevi kwa mwanga huo. Tumezoea kumwona mlevi akisimama mbele ya altare na kuapa kuacha gongo. Twapiga vigelegele, kisha twarudi nyumbani tukidhani yamekwisha. Akianguka baada ya majuma mawili, twasema alimdanganya Mungu. Sivyo, ndugu. Yawezekana aliapa kwa moyo wa kweli, ila tulimwacha na sanda zake.

Sanda ya kwanza ni ya mwili. Mwili uliozoea kileo kingi kila siku kwa muda mrefu hautulii bila hicho. Kikikatishwa ghafla, mtu aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo na kushikwa na kifafa, wengine hufa. Kwa hiyo kumfungia mlevi chumbani mpaka pombe imtoke ni hatari. Apelekwe kwanza kwa daktari. Vivyo hivyo kwa vijana waliotekwa na heroini: mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni, dawa inayotuliza kiu ya unga. Kuitumia si upungufu wa imani.

Sanda ya pili ni ya mazoea. Kiu hurudi mtu anapokuwa na njaa, hasira, uchovu au upweke, na zaidi siku ya mshahara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1735, yafundisha kuwa mazoea yaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake. Hivyo aangukaye tena tusimdharau. Tumwulize ni saa gani na mahali gani alipoanguka, ili kesho apite njia nyingine.

Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin huko Ireland, alianza kulewa akiwa bado mvulana. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha pombe. Nayo haikuwa kwanza ya maisha yote, bali ya miezi 3. Baadaye aliirefusha, akadumu bila kileo hadi kufa kwake mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa. Basi, katekista asimdai mtu ahadi ya miaka arobaini. Amsaidie kuishika ya leo.

Sanda ya tatu ni ya upweke, maana aachaye pombe huachana pia na rafiki zake wote wa kilabuni. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara na daktari, wote wawili wakiwa wametekwa na kileo, walikutana na kutambua kwamba mlevi husimama imara amsaidiapo mlevi mwenzake. Hapo ndipo vilipozaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous.

Jumuiya ndogo ndogo zaweza kufanya vivyo hivyo. Tusimpe fedha mkononi, wala tusimlipie madeni ya kilabuni. Bali tumpitie jioni, tumpe kazi, tumkaribishe mezani pasipo pombe. Na sherehe za ubatizo wa watoto wetu zisiwe mtego kwake.

Ndugu wapendwa, kila kijiji kina Lazaro wake, aliyekwisha kuitikia sauti ya Bwana na sasa amesimama mlangoni pa kaburi, hawezi kutembea. Tusimwambie arudi ndani. Tumfungue. Amina.