Je, Wajua? Mapumziko ya Kilosa na Mikumi

Je, wajua kwamba msafiri mwenye nafasi ya siku mbili tatu, asiyependa taabu za safari ndefu, aweza kushuka Kilosa, mji uliofikiwa na reli ya Wajerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akashika njia ya kusini hadi Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230, ambayo barabara kuu iendayo Zambia huipasua katikati, hata abiria wa basi, pasipo kulipa kiingilio, huwaona twiga na pundamilia kandoni?

Kwa rai yangu kuwaona kwa kupita hivyo ni nusu ya starehe. Iliyo kamili ni ya yule alalaye huko, akarauka alfajiri kuelekea uwanda wa Mkata ulio humo hifadhini, kwenye viboko, nyati na tembo.

Zamani uwanda huo haukuwa wa kustarehea: mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akiwa katika kumtafuta mmisionari Livingstone, aliuvuka wakati wa masika, na matope yakamtaabisha mno, yeye na wapagazi wake. Mwenye hiari na achague kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, wanyama wakusanyikapo penye maji.