Kuandika, Kupakia na Kuwasha: Vitenzi Vitatu vya Seva ya Miamala

Neno muamala limetufikia kutoka Kiarabu, nalo lina maana ya shughuli au mapatano baina ya watu. Katika elimu ya kompyuta limeongezewa sharti moja: shughuli itimie yote, ama isitimie hata kidogo. Fedha ikitolewa katika akaunti ya mtu mmoja, haina budi kuingia katika akaunti ya mwenzake. Mtambo ukizimika katikati, kilichotolewa hurudishwa. Kulilinda sharti hilo ndiyo kazi ya seva ya miamala.

Mfano ulio wazi ni Tuxedo, ambayo AT&T ya Marekani ilianza kuitengeneza mwaka 1983, na ambayo tangu 2008 imo mikononi mwa Oracle. Kuitayarisha kwahitaji hatua tatu, na hoja yangu ni kwamba kila hatua yastahili kitenzi chake.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Msimamizi huandika faili ya maandishi, iitwayo kwa desturi UBBCONFIG, yenye mafungu yafuatanayo. RESOURCES hutangulia, nalo hutaja mambo ya mfumo mzima. MACHINES hutaja kompyuta na mahali faili zake zilipo. GROUPS hukusanya seva katika makundi na kuonyesha hifadhidata ya kundi. SERVERS hutaja seva zenyewe, na ngapi ziwashwe.

Hatua ya pili ni kupakia. Amri ya tmloadcf husoma maandishi hayo, huyakagua kama mwalimu akaguavyo insha, kisha huyageuza kuwa faili nyingine, TUXCONFIG, isomwayo na mtambo wala si na mtu. Msimamizi akisahihisha maandishi asiyapakie tena, mtambo utaendelea kuifuata hali ya zamani, naye atashangaa kwa nini masahihisho yake hayakufaa kitu.

Hatua ya tatu ni kuwasha. Lakini kwanza huundwa daftari la miamala, kwa kuwa humo ndimo uandikwamo uamuzi wa kukamilisha muamala unaogusa hifadhidata zaidi ya moja; bila daftari, mtambo uliozimika hauwezi kujua uliishia wapi. Ndipo huja amri ya tmboot. Kwanza huwaka BBL, mlinzi wa ubao wa matangazo. Kisha seva zisimamiazo miamala. Mwisho seva za kazi, ambazo kila moja hutangaza huduma zake ubaoni. Mteja huita huduma kwa jina lake, pasipo haja ya kujua ni seva ipi itakayomjibu. Kuzima, kwa tmshutdown, hufuata utaratibu huo kinyumenyume.

Basi, tukisema “kuanzisha” kwa hatua zote tatu, kama ilivyo rahisi kufanya, tutakuwa tumeuficha ule mpaka ambapo makosa hutokea. Mwanafunzi atadhani kwamba aliyeandika amekwisha pakia, na aliyepakia amekwisha washa. Vitenzi hivi vitatu si vigeni: barua huandikwa, shehena hupakiwa, taa huwashwa. Haja yetu si kubuni maneno mapya, bali kuyatumia haya bila kuyachanganya, maana fedha za watu hutegemea utaratibu huo.